Kiwiko Kizima cha Teddy

Monessen, Pennsylvania
Septemba 15, 1968

Chet mdogo wangu,

Huku sote tunapumua, wengine kwa taabu. Mama hajambo ukiacha goti, na hilo goti huzidi kuuma kila Jumapili usipopiga simu. Frank bado anakwenda zamu ya asubuhi kwenye matanuru ya kiwanda cha chuma na kurudi na uso mweusi. Nikimwuliza kuhusu kikohozi anasema ni vumbi tu, kama vile vumbi ni dawa. Matango nimeshatia kwenye chumvi, mitungi imejaa mpaka chini ya kitanda. Lorraine mpe salamu, na umwambie ule mtungi wa mwaka jana bado nautaka, hata ukiwa mtupu.

Sasa niseme kilichonikalisha hapa. Frank amesoma gazetini kwamba mwakani ligi kuu ya besiboli inaongeza klabu mpya, na klabu hizo zitajaza timu zao kwa kuchukua wachezaji wa klabu za zamani. Kila klabu ya zamani inaruhusiwa kuwalinda watu kumi na tano, na waliobaki wanaanikwa, anayempenda mtu amchukue. Ni kweli, au gazeti limechanganya mambo? Na kama ni kweli, Teddy wetu yumo kwenye hao kumi na tano au hayumo?

Sikuulizi kama shabiki, nakuuliza kama mama. Wewe ndiwe mkono wa kulia wa bosi wa klabu hapo Louisville, hakuna jina linalopita bila wewe kulitia chumvi. Unajua nilivyoapa siku tuliyomzika Baba. Mapafu yake yaliishia kiwandani, ya Frank yanakwenda njia ileile, na nikasema mtoto wangu hatapita lile geti akiwa na chakula chake mkononi. Mungu akampa mkono wa kushoto wa kurushia mpira. Miaka sita amekuwa mrushaji kwenye vimji ambavyo hata paka wake wana njaa, akisafiri kwa basi na kulala wanne chumba kimoja. Mwezi wa saba mkampandisha ligi kuu, akarusha vizuri, na wewe mwenyewe ulinipigia simu ukilia.

Kwa hiyo nijibu: ndiyo au hapana. Barua yako ya mwisho ilikuwa ndefu na sikuona ndani yake jibu hata moja.

Dada yako,
Wanda


Louisville, Kentucky
Septemba 22, 1968

Dada Wanda,

Barua yako imefika, na kelele zake nilizisikia kabla sijafungua bahasha. Sisi wazima. Joto la hapa halijui kwamba kiangazi kimekwisha. Lorraine anasema mtungi ulivunjika; mimi sikuwepo, usinitie kati. Mwambie Mama nitapiga simu, na goti alifunge kwa flana yenye mafuta ya kafuri.

Gazeti limesema kweli, ila mwandishi hajui kazi ilivyo. Kulinda kumi na tano kila mtu anaweza. Ugumu ni huyu wa kumi na sita. Kuna mlango wa nyuma, dada: mmoja wetu akishachukuliwa, sisi tunaruhusiwa kuwavuta ndani wengine watatu kabla hawajachagua tena. Kwa hiyo wale unaowataka kweli si lazima wote wawemo kwenye orodha ya kwanza. Unaweza kumwacha mtu nje kwenye baridi kwa dakika chache, ukaomba mwenzako asigeuze shingo, kisha ukamvuta. Kazi yangu ni hiyo shingo. Bwana Hargis ndiye anayetia sahihi, lakini anayepika ni mimi.

Kuhusu jina la mtu mmoja mmoja siwezi kuandika, hizo ni siri za ofisi na wewe unajua. Niachie mimi. Nani alimnunulia Teddy glavu yake ya kwanza?

Jambo dogo. Mwezi wa nne Mama aliniambia kwenye simu kwamba Teddy aliamka mkono umekufa ganzi. Ilikuwa nini ile? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Chester


Monessen
Oktoba 6, 1968

Chet,

Mama anakusalimu. Frank hakusalimu, amelala. Mvua inanyesha na nguo zimejaa jikoni.

Msimu umekwisha na Teddy yuko nyumbani, anakula kama watu watatu. Jumanne nilipika pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, nikidhani zitafika Alhamisi, na usiku ukaingia sufuria inalia. Ni mzima kabisa. Kila asubuhi anakwenda nyuma ya kanisa na mtoto wa Sophie jirani, anarusha mpira ukutani mpaka Padri Lucjan analalamika kwamba misa inasikika kama ujenzi. Huo mkono wa mwezi wa nne aliulalia, basi. Aliamka, akautikisa, akaenda kula mayai. Umeulizwa na nani?

Nasema hivyo kwa sababu juzi kuna mtu wa gazeti la Pittsburgh amepiga simu. Teddy alikuwa nje, nikapokea mimi. Akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Mama, kiwiko cha kijana kinaendeleaje?" Nikamwambia, "Kiwiko gani, mwanangu? Ana viwili." Akasema samahani, anaelewa kwamba familia haitaki kulizungumzia. Nikamwambia familia inataka sana kulizungumzia, ila haijui ni nini! Akakata simu.

Nani ameanza maneno haya, Chet? Teddy amecheka, lakini baadaye nimemwona amekaa kwenye ngazi akikunja na kukunjua mkono, anausikiliza. Mtu mzima anafanywa ajichunguze kama mgonjwa. Na wewe bado hujanijibu lile la kwanza.

Wanda


Louisville
Oktoba 9, 1968

Dada,

Natumai mvua imekatika. Huku Lorraine amepaka sebule rangi ya maboga, nikiingia naona njaa. Mpe Mama pole ya goti.

Waandishi wa magazeti usiwasikilize. Wakikosa habari wanaizaa. Akipiga tena simu usibishane naye, sema tu hujui, kisha weka simu.

Nina ombi, na ulifanye bila kuniuliza maswali elfu. Mwambie Teddy asirushe mpira nyuma ya kanisa mpaka katikati ya mwezi, huu uchaguzi wa wachezaji upite. Mahali pale panaonekana kutoka barabarani. Apumzike, avae koti, akae ndani. Na akiwa matembezini, huo mkono wa kushoto autie mfukoni.

Mengine nitakueleza tukionana Krismasi. Niamini, nafanya hivi kwa ajili yake.

Chester


Monessen
Oktoba 27, 1968

Chester,

Sina salamu. Ukitaka habari za Mama, piga simu kwa Mama.

Uchaguzi umepita. Teddy alikaa karibu na redio siku mbili. Hakuwamo kwenye kumi na tano. Mmoja wenu akachukuliwa, nikasema sasa watamvuta ndani. Hamkumvuta. Wa pili akachukuliwa, wa tatu akachukuliwa, kila mara mkavuta watu watatu, na kila mara hakuwa Teddy. Mkamvuta mpaka yule mdakaji mzee ambaye magoti yake ni mabaya kuliko ya Mama! Na klabu mpya nazo, zilizokuja na mifuko mitupu, zikaokota kila aina ya mtu na kumruka mwanangu. Akaachwa pale chini kama sahani baada ya harusi. Wiki iliyofuata ikaja barua ya klabu yenu: ameshushwa, mwakani atacheza huko Georgia, timu ya chini kabisa, alikoanzia akiwa na miaka kumi na tisa.

Ningesema ni bahati mbaya. Ningewasha mshumaa kanisani, yakaisha. Lakini jana amepiga simu mtu mmoja, Orville Tate. Unamjua vizuri, ndiye anayeitafutia wachezaji ile klabu mpya ya magharibi. Mtu mstaarabu. Alitaka kumpa Teddy pole na kumwuliza kama atafanyiwa upasuaji. Teddy akamwambia, "Mzee, mimi sina kidonda hata cha kisu cha jikoni." Yule mzee akamwomba arudie. Kisha akamwambia kwamba jina lake lilikuwa la tatu kwenye karatasi yao. La tatu, Chester! Walikuwa wamchukue na kumpa nafasi ya kuwa mrushaji wa kuanza mechi kila siku ya tano. Ndipo mwishoni mwa Septemba akala chakula cha mchana na wewe huko Chicago. Akakuuliza, "Mpwa wako vipi?" Ukaweka kisu chini, ukatazama sahani, ukatikisa kichwa. Kisha ukaomba chumvi.

Mjomba wake mwenyewe ametikisa kichwa, nani atataka ushahidi zaidi? Wakafuta jina lake jioni ileile, na kufikia wiki iliyofuata ligi nzima ilikuwa inanong'ona habari za kiwiko. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa naifua hiyo nguo na kuipiga pasi.

Frank amesema jina lako lisitajwe mezani.  Teddy alikwenda nyuma ya kanisa akarusha mpira mpaka giza likaingia, na hakuna aliyethubutu kumwita kula. Nataka kusikia kutoka kwako ulikuwa unafanya nini.

Wanda


Louisville
Novemba 10, 1968

Dada Wanda,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Kama ingeandikwa na mtu mwingine ningeitia motoni.

Sikusema neno. Mwulize Tate kama nilitamka hata neno moja kuhusu kiwiko. Nilikuwa nakula. Mtu ana haki ya kuhuzunika mbele ya nyama yake.

Sasa nikueleze kazi, maana umenihukumu bila kuijua. Hargis alikuwa na watu ishirini wa kulinda na nafasi kumi na tano. Nilijua hataweza kumweka Teddy. Lakini nilijua pia kwamba tukipata pumzi moja tu, mtu mmoja achukuliwe, tutamvuta. Nilichotaka ni ile pumzi. Nikaipata! Raundi ya kwanza hakuna aliyemtazama. Mpango ulikwenda kama saa, dada. Nikamgeukia Hargis nikamwambia, "Sasa tumvute Teddy Wrobel." Akanitazama kama mwehu. "Yule wa kiwiko?" Ilikuwa imeshamfikia. Sikuwahi kumwambia kwamba ni hewa, kwa sababu Hargis hawezi kutunza siri, akijua jambo masikio yanamwiva. Nilimwacha aamini ili wengine waamini. Pale chumbani, mbele ya makarani na mwanasheria, ningesema nini? Nikasema nadhani kiwiko kitapona. Akasema hapotezi nafasi kwa "nadhani".

Ndiyo hivyo. Mimi nilitaka abaki kwetu, acheze mahali nitakapomwona. Wewe ungependa nini, aende magharibi kwenye klabu itakayopigwa kila siku mpaka watu wawacheke? Mnasahau haraka. Nani alimtoa kwenye kile kiwanja cha mashimo akamleta mbele ya watu? Nani alimtetea miaka sita kila walipotaka kumkata? Leo nimekuwa nyoka.

Acheni kunipigia kelele. Msimu ukianza watamwona akirusha na maneno yatakwisha yenyewe.

Chester


Monessen
Desemba 1, 1968

Chester,

Theluji imeanguka. Mama amekuuliza nikamwambia una kazi nyingi. Hiyo ni mara ya mwisho nakusitiri kwake.

Umeniuliza ningependa nini. Ningependa akapigwe kila siku huko magharibi akiwa amesimama katikati ya uwanja na mpira mkononi! Hilo ndilo aliloliota, siyo kuvikwa pamba kwenye kabati la mjomba wake. Hukutaka abaki kwa ajili yake. Ulitaka abaki ili ukipita na sigara yako watu waseme, "Yule mrushaji wa kushoto ni mpwa wa Chester." Ulimpenda kama mtu anavyopenda saa ya mfukoni.

Na usiniambie hukusema neno. Mama alitulea wote wawili; ulikuwa ukiiba sukari unatikisa kichwa vilevile, na mimi nilichapwa badala yako. Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi ndio wa kwako, na tunakula.

Unasema watamwona msimu ukianza. Wapi? Georgia, kwenye vile vimji? Wiki iliyopita kocha wa huko ameandika kwamba asiwe na haraka, wamemwekea siku chache za kurusha kwa sababu ya hali yake. Hali yake! Kila anaporusha vizuri watasema leo hakimwumi, na akirusha vibaya watasema si mnaona. Mwanangu ana miaka ishirini na tano. Mrushaji ana miaka mingapi ya kurusha, Chester? Wewe ndiye mwenye kujua. Jana Frank amemwambia kwamba kuna nafasi kwenye matanuru kuanzia mwezi wa kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Teddy hakusema hapana.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kwa Hargis. Simama mbele ya meza yake, useme kwa mdomo wako: kiwiko ni kizima, maneno yalitoka kwangu. Usiandike, useme. Mpaka utakapofanya hivyo usinitumie kadi ya Krismasi, wala usije.

Wanda


Monessen
Januari 8, 1969

Chester,

Krismasi tuliipitisha. Mama alikuwekea nafasi yako mezani na kila mtu alijifanya haioni. Kimya chako nimekisikia. Mwezi mzima na zaidi umeshindwa kuvuka ukumbi kutoka meza yako hadi meza ya Hargis.

Sasa usivuke. Soma hadi mwisho kabla hujafanya lolote, na uisome ukiwa umekaa.

Jumamosi Orville Tate alikuwa anapita Pittsburgh, akaja mpaka hapa kwa basi, kwenye theluji, amevaa viatu vya mjini. Nikampa kabichi za nyama, akala bila kuvua koti. Halafu akasema, "Mama, kila mrushaji huniambia ni mzima. Nimekuja kuona, si kusikia." Padri Lucjan akafungua chumba cha chini ya kanisa, tukasogeza viti vya bingo, Teddy akarusha. Mtoto wa Sophie aliyekuwa anadaka alivua glavu akapuliza kiganja, akarudi. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa nimeshika rozari na sikusali hata neno moja. Yule mzee alisimama muda mrefu. Kisha akatukana kwa sauti ya chini, akamwomba padri radhi.

Haya ndiyo aliyoniambia. Kwa sheria zenu Teddy ni mali ya Louisville mpaka Louisville imwachilie, hata kama haimchezeshi. Tate hawezi kuuliza bei, kwa sababu akiuliza tu, Hargis atashtuka kwamba mkono ni mzima na hatamtoa. Lakini Hargis anaamini ni mbovu. Mwisho wa mwezi atapunguza watu, na mtu mbovu ndiye wa kwanza kukatwa, hasa mjomba wake akimwambia, "Bosi, tusipoteze mshahara." Akiachiliwa leo, kesho Tate anaweka kalamu mkononi mwake.

Kwa hiyo, Chester, nakuomba uendelee kudanganya. Unasikia? Mimi Wanda, niliyekuandikia uende ukaseme kweli, nakuandikia uifunge. Nenda ukamtikisie Hargis kichwa. Nimeona aibu kuandika hili hadi nimelichana mara mbili. Sijakusamehe. Nakutumia tu, kama ulivyotutumia sisi.

Wanda


Louisville
Januari 10, 1969

Dada mpenzi Wanda,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Frank, kwa Mama, na kwa Teddy hasa.

Nimefanya. Jana asubuhi nilivua kofia, nikaingia kwa Hargis, nikafunga mlango, nikasema yote. Chicago, kisu, chumvi, vyote. Sikuacha kitu na sikujitetea. Nilikuwa na barua yako ya Desemba mfukoni, imekunjika mpaka inakatika.

Alinitazama, akaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. Alisema nimemfanya mjinga mbele ya ligi nzima. Kufika saa sita vitu vyangu vilikuwa kwenye boksi, na Lorraine alidhani nimeleta zawadi. Miaka kumi na minane, dada! Hakuna klabu nyingine itakayonichukua, maana habari itafika kabla yangu. Na unajua? Leo nimelala mpaka jua likaingia dirishani, sikumbuki mara ya mwisho.

Lakini sikiliza la muhimu. Hargis sasa anajua Teddy ni mzima. Alipiga meza akasema, "Basi yule kijana haendi popote. Hatoki mikononi mwangu hadi nife." Kwa hiyo yuko salama! Amelindwa kuliko wale kumi na tano. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka tangu mwanzo, na nimelipata kwa kusema kweli, kama ulivyoniambia. Ulikuwa sahihi nami nilikuwa mpumbavu, nakiri.

Mpigie Mama kelele umwambie mwanawe amerudi kuwa mtu. Naomba nije nimwone Teddy, nimshike mkono.

Mdogo wako,
Chet


Monessen
Januari 19, 1969

Chet,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu unayo sasa, na nadhani umeshaisoma umekaa. Natumai hukuisoma mbele ya Lorraine.

Wiki tano ulikaa bila kusema kweli nilipoitaka. Ukaja kuisema siku moja baada ya mimi kutia posta ombi la kwamba usiiseme. Ningekuagiza uchelewe ungewahi. Nimetembea jikoni siku tatu nikitafuta wa kumpigia kelele, na kila nikikuanza wewe najikuta mimi mwenyewe nimesimama hapo pembeni na ile barua yangu ya Desemba. Nilikuambia simama useme. Ukasimama ukasema. Nakasirika, na sina hata haki ya hasira yote hii.

Hargis alimpigia Teddy simu mwenyewe. Hakutaka kusikia kitu. Anaamini mlipanga pamoja, mjomba na mpwa, kumcheza shere. Akamwambia atakwenda Georgia, na atakaa Georgia, na mkono wake ukiwa mzima ndiyo vizuri zaidi, atakuwa na nguvu ya kukaa kwenye benchi. Tate naye akapiga. Alisema, "Mama, sasa hawezi kutoka." Akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Nikamshukuru kwa kuja kwenye theluji.

Jumanne ikaja ile karatasi ya mkataba ya kutia sahihi. Teddy aliisoma mezani, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha bila kutia wino. Frank akamwambia, "Usipowasainia hao, huchezi popote. Ndiyo sheria yao." Teddy akasema, "Najua, Baba. Lakini hawatanifanya niwaombe ruhusa ya kukaa benchi." Akaniuliza glavu za kazi za babu yake ziko wapi. Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Alizipata mwenyewe.

Alhamisi nilifunga vyakula viwili. Nilisimama dirishani nikawaona wakiteremka kilima, Frank akikohoa na Teddy akimsubiri, na kule chini moshi ulikuwa umeshafunika geti. Huenda mwakani hasira za Hargis zitapoa, huenda Teddy atasaini, huenda mkono utakuwa bado upo. Watu huniambia huenda. Nimewaambia waache.

Unaomba uje. Mama ameshajua yote, nimemwambia. Amelia, kisha akaniambia nikuandalie kitanda cha chumba cha nyuma, kwa sababu mtu aliyefukuzwa kazi lazima ale kwao. Basi njoo. Lakini usije kumshika Teddy mkono. Njoo ukae mezani atakaporudi kutoka kwenye matanuru, umtazame uso, umwambie wewe mwenyewe ni kwa nini, na akikuuliza swali umjibu. Mimi sitakusaidia kwa neno hata moja.

Basi la Ijumaa linafika saa kumi jioni. Frank hatakuja stendi na Teddy atakuwa kazini. Nitakuja mimi. Usinikumbatie.

Wanda